Shangazi, hadithi zangu zinakwama katikati

*Habari Shangazi. Niko na miaka 24, nafanya kazi kwa duka la M-Pesa huku Umoja. Napenda sana kuandika hadithi fupi lakini naanzanga na mhusika akizaliwa, nikifika kurasa nne bado yuko praimari, nachoka naacha. Kuna kozi ya onlaini nimeona, bei yake ni karibu nusu ya mshahara wangu. Nilipe ama niachane na hii ndoto?*

Mwanangu wa Umoja, hiyo pesa kaa nayo kwanza. Kipaji sijui kama unacho, hakuna anayeweza kujua kabla umalize hadithi hata moja, lakini kinachokukwamisha nakiona: unataka kuingiza maisha yote ya mtu kwa kurasa chache. Hadithi fupi inataka siku moja, ama hata dakika kumi tu, zile ambazo zikipita huyo mtu hawezi kurudi vile alikuwa.

Na kazini kwako si zinapita kutwa! Wacha tuseme mzee amekuja mbio dirishani, ametuma karo ya mtoto kwa namba ya mtu hamjui, anakusukumia simu, "nirudishie mama, nirudishie". Anzia hapo hapo. Usituambie ni maskini, tuonyeshe simu imefungwa na raba bendi. Usituandikie "alijawa na hofu isiyo kifani", mwache akosee PIN mara mbili. Halafu unampigia aliyepokea pesa, inaita, inaita, mwanamke anashika na nyuma yake kuna mtoto analia... sasa hapo uko na watu wawili wenye shida na pesa ni moja, na hiyo ndiyo hadithi. (Ukichukua kisa cha mteja wa kweli badilisha jina, mtaa na kiasi cha pesa, tafadhali sana.)

Kitu kingine, insha za shule ziache huko shule. Jua kuchomoza kwa madaha, methali tatu, na mwisho "tangu siku hiyo nilijifunza", hizo zilikuwa za kupata maksi. Watu wako waongee vile watu wa Umoja wanaongea. Hata mwandishi wetu Makena Onjerika alishinda Caine Prize, ile tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, mwaka wa 2018 na hadithi ya wasichana wa mtaani hapa hapa Nairobi.

Jiwekee maneno 1,000 na ufike mwisho hata kama imekaa vibaya. Iache wiki moja hivi, kisha isome kwa sauti, penye ulimi unajikwaa rekebisha, na ujaribu kutoa aya ya kwanza yote, mara nyingi haikuwa na kazi. Kusoma pia lazima, maktaba ya Makadara iko huko huko Eastlands, chukua hadithi moja usome mara mbili, ya pili ukiangalia mwandishi ameanzia wapi na ameficha nini.

Ukizoea, kuna shindano la Commonwealth Short Story Prize, wanapokea hata za Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, na kuingia ni bure. Lakini hiyo ni baadaye, saa hii nataka ya mzee na karo, ukimaliza nitumie nisome.

Shangazi