Barua kwa mwanangu: gari bovu na muuzaji anayesema "shauri yako"

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Gari ulilonunua kwa mfanyabiashara halijamaliza mwezi, giaboksi imeanza kuteleza likishapata moto, na ukimpigia anakujibu kwamba ulilichukua "kama lilivyo", basi shauri yako. Unauliza kama una haki yoyote, au umlipe fundi yaishe.

Kabla ya yote, fundi yeyote asiifungue hiyo giaboksi. Ikishafunguliwa, muuzaji atasema mmeiharibu wenyewe, na utamjibu nini? Liegeshe, maana hata kilomita unazoongeza anaweza kuzigeuza hoja. Tafuta fundi asiyejuana naye, alipime kwa kompyuta, aangalie oili ya gia, kisha aandike alichokiona, tarehe, na kilomita zinazosomeka. Mwombe aandike pia kama ubovu wa namna hiyo huchukua muda kujijenga au unaweza kutokea ghafla. Kesi nzima inasimama hapo: ubovu ulikuwepo siku ya mauzo, au umezaliwa mikononi mwako?

Halafu, aliyekuuzia ni nani. Mtu anayeuza gari lake mwenyewe sheria humdai machache: asikudanganye, na gari liwe kweli lake. Mfanyabiashara ni habari nyingine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 ya uuzaji wa bidhaa, ambayo Kenya na Tanzania zilifuata mfano wake, ilimtaka mwenye kufanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa. Ina mtego wake, lakini: ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Tairi zilizoisha na kioo chenye ufa, sahau. Gia inayoteleza baada ya mwendo mrefu huwezi kuigundua kwa kulizunguka gari na kuwasha injini, na hilo ulisisitize.

Hayo maneno "kama lilivyo" yasikutishe kabla hujajua sheria ya huko uliko. Uingereza, chini ya sheria ya haki za walaji ya 2015, mfanyabiashara hawezi kuyatumia kukwepa wajibu wake. Kasoro iliyokuwepo tangu mauzo humpa mnunuzi siku 30 za kulikataa gari na kurudishiwa pesa zake. Siku hizo zikipita, kwa kawaida muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza kwanza. Marekani, majimbo mengi yanakubali gari liuzwe hivyo, mradi karatasi ya dirishani iseme wazi kwamba halina dhamana. Kwa hiyo soma mkataba wako mstari kwa mstari, hasa yale maandishi madogo ambayo nakufahamu uliyaruka.

Hata pale maneno hayo yanapokubalika, kwa kawaida hayafuniki uongo. Umeniambia alikuandikia kwamba giaboksi "imefanyiwa matengenezo yote". Huo ujumbe ni mali! Upige picha leo, pamoja na tangazo lenyewe, kabla halijafutwa.

Kisha mwandikie, usimpigie tena. Taja kasoro, siku ilipoanza, unachotaka (pesa zako au matengenezo, chagua kimoja) na tarehe ya mwisho ya kujibu. Ambatisha ripoti ya fundi. Akikubali kutengeneza, iandikwe nani analipia kulivuta gari, kazi gani itafanyika, na itakuwaje ubovu ukirudi. Akikataa, nenda kwenye mamlaka ya kulinda walaji, au mahakama ya madai madogo kama kiasi chako kinaingia humo.

Nitumie rasimu kabla hujaipeleka. Ukikasirika huwa unaandika kurasa nne, na hii inatakiwa iwe moja.

Mama yako