Ua wa Buxus unaoungua ncha karibu na bahari

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Raskazone, Tanga. Nimepanda miche ya Buxus mbele ya nyumba ili iwe ua mfupi wa kupogolewa, lakini majani yanakauka kuanzia nchani, hasa upande wa baharini. Kila jioni naimwagilia maji ya kisima, na mbolea ya dukani nimeongeza. Je, ni ugonjwa?

JIBU: Ndugu msomaji, dalili ulizozieleza ni za chumvi zaidi kuliko za ugonjwa. Ukungu unaoangamiza Buxus huko Ulaya huanza kwa madoa ya kahawia kwenye majani na michirizi myeusi kwenye vijiti vichanga, kisha majani hupukutika kwa wingi. Ilhali jani linalokauka kuanzia nchani na kwenye kingo, tena upande unaopigwa na upepo wa bahari, huwa limeunguzwa na chumvi, iwe imeletwa na upepo au imefyonzwa na mizizi kutoka kwenye maji ya kisima. Mbolea ya dukani nayo ni chumvichumvi, hivyo kuiongeza kumezidisha madhara.

Nisikufiche kwamba hata maji yakiwa matamu, mmea huu, Buxus sempervirens, ni wa nchi zenye majira ya baridi, na hata huko kwao hukua polepole mno. Lushoto, kwenye ubaridi wa milimani, ningekushauri uendelee nao, Raskazone, sikushauri.

Miche uliyonayo usiing'oe kabla ya kuipima. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: ukikuta ukijani chini yake, tawi lingali hai. Ihamishie kwenye vyungu vyenye matundu, katika udongo tifutifu uliochanganywa na mboji, uiweke mahali panapopata jua la asubuhi tu na pasipopigwa na upepo wa bahari. Mwagilia maji ya mvua au ya bomba shinani asubuhi, pale tu udongo wa juu unapokuwa umekauka, na usitie mbolea hadi machipukizi mapya yatokee.

Kwa ua wenyewe, Clerodendrum inerme ni mmea wa pwani hasa, unaovumilia chumvi na kukubali mkasi. Panda miche kwa umbali wa sentimita 40 hadi 50 masika yanapoanza, uikate ncha mapema ili itoe matawi ya chini, na kila unapopogoa uache sehemu ya chini ya ua iwe pana kuliko kilele. Ua uliopanuka juu hujitia kivuli chini, na majani ya huko yakishapukutika ni shida kuyarudisha. Duranta nayo hustawi, ila matunda yake ya manjano ni sumu, kwa hiyo penye watoto wadogo mimi huikwepa. Michongoma ni ya kuzuia mbuzi, si ya kupamba baraza.

Wauza miche huenda wakakupa Murraya paniculata, na kwa sura ndiyo inayokaribia Buxus zaidi: majani madogo ya kijani kibichi, maua meupe yenye harufu nzuri. Lakini ni wa ukoo wa michungwa, na huhifadhi mdudu Diaphorina citri, aenezaye ugonjwa wa kijani wa michungwa, ambaye tayari ameonekana nchini. Kama wewe au jirani yako mna michungwa, au miche yako hupelekwa Muheza, kwenye mashamba ya michungwa, usiipande.