Aliolewa au aliozwa?

SWALI: Tunatafsiri dodoso la utafiti kuhusu ndoa za utotoni. Mwenzangu ameandika "Uliozwa ukiwa na umri gani?" Mimi nataka "uliolewa", maana "oza" ni la matunda. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hofu ya matunda iondoe. Kiswahili kina "oza" mbili zilizofanana kwa sauti tu. Embe huoza, lakini haliozwi. Ukisikia "ameozwa", hapo pana ndoa. Hilo ni zao la "oa": mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi humwoza mwanawe, wa kike au wa kiume, na shehe au padri huwaozesha.

Tofauti ya maana ni kubwa. Anayesema "niliolewa" ametaja ndoa tu. Anayesema "niliozwa" ameingiza mtu wa tatu, yule aliyemtoa. Hata hivyo neno hilo peke yake si ushahidi wa kulazimishwa, kwa kuwa binti aliyeridhia kwa moyo wake naye huozwa na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa.

Kwa hiyo kwenye swali la umri mwenzako amekosea: aliyejichagulia mume atakosa pa kujibia. Lakini "uliolewa" nalo halitoshi. Kipimo kinachotumika kimataifa huhesabu wanawake wa miaka 20 hadi 24 ambao kabla ya kutimiza 18 walikuwa wameolewa au wanaishi na mwenzi. Anayeishi na mwanamume bila mahari wala cheti atakujibu "sijaolewa", na kwa Kiswahili chake amesema kweli, ila wewe umempoteza kwenye hesabu. Andika: "Ulikuwa na umri gani ulipoolewa, au ulipoanza kuishi na mwanamume kama mke na mume?" Kisha uliza peke yake: "Nani aliamua?" Na tena: "Wewe ulitaka?" Maswali haya mawili msiyaunganishe hata kama karatasi imejaa.

Kwenye ripoti ndipo "ozwa" linapostahili, pale majibu yakionyesha kwamba mzazi ndiye aliyeamua. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 yenyewe ilimweka mzazi hapo: mvulana alisubiri miaka 18, msichana aliruhusiwa akiwa na 15, na akiwa chini ya 18 kifungu cha 17 kilitaka ridhaa ya baba. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alipokipeleka kifungu hicho na cha 13, kile cha umri, mahakamani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Hujauliza, lakini neno linalonisumbua zaidi katika ripoti za namna hii ni "wameoana". Kiambishi "-an-" husema wawili wametendeana, kila mmoja kwa upande wake. Mwanamume wa miaka 35 na mtoto wa 14 hawajaoana. Andika kwamba yeye alimwoa, na baba alimwoza.