Uvimbe wa sentimita 11: kizazi kitolewe au kibaki?
Dada, umeuliza kama uvimbe wa kizazi usio saratani (fibroidi) wa sentimita 11 lazima utolewe pamoja na kizazi chenyewe. Hapana, ukubwa peke yake hauamui. Muulize daktari umekaa wapi: nje, ndani ya ukuta, au umechomoza kwenye nafasi ya kizazi. Kama bado unataka kuzaa, omba utolewe uvimbe tu. Ila ukuta ukikatwa kwa kina, huenda ukajifungua kwa upasuaji, na uvimbe mwingine unaweza kuota. Sindano za homoni huusinyaza kwa muda, ukiziacha hukua tena. Kwanza kabisa pima wingi wa damu! Ukiwa chini, anza vidonge vya madini ya chuma mapema, maana upasuaji huu huweza kumwaga damu nyingi. Mkojo ukigoma kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.