Baba anataka padri, shangazi wanakataa

*Mama, jambo. Baba ana miaka 79, figo zimeshindwa, tunamuuguzia nyumbani hapa Katuba, Lubumbashi. Usiku analia. Mwaka 1994 aliuza lupango (kiwanja chenye nyumba) ya marehemu mdogo wake. Mjane na watoto wakatoka mikono mitupu. Sasa anataka padri, ila anasema Mungu hawezi kumsikiliza mtu aliyeacha Misa miaka yote hii. Shangazi zangu wanakataa: padri akiingia na mafuta, mgonjwa hamalizi wiki. Na kuna mchungaji wa jirani anadai dola 100 za kukata laana. Nifanye nini?*
Binti wa Katuba

Binti yangu, mwite padri leo, baba angali na sauti. Hofu ya shangazi zako imebaki kutoka enzi zile mafuta yalipoletwa mtu akishakoroma. Kanisa lilitengeneza upya ibada hiyo mwaka 1972: ni Mpako wa Wagonjwa, na aliyepona akiugua tena anapakwa tena.

Kuacha Misa hakumzuii. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, sheria ya Kanisa inamruhusu padri yeyote kumwondolea dhambi, hata yule aliyeacha upadri.

Kazi ngumu iko kwenye lupango. Baba ataungama, na padri atafunga mdomo; siri ya kitubio haimfikii mjane. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi hadharani kurudisha mara nne. Baba yako pengine hana hata mara moja, lakini kinywa anacho. Asianze na "ndiyo ilikuwa desturi", maana Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 ilikwisha kuwapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Aseme: niliuza, nikala pesa, nikawatoa nje.

Mpigie simu mama mdogo, huyo mjane, wewe kwanza, umweleze hali. Asipotaka kuja, baba arekodi sauti kwenye simu, aombe radhi, asidai jibu. Msimtume mzee wa ukoo kwenda kumshurutisha asamehe! Mwanamke huyo alifiwa na mume, kisha akapokonywa nyumba na shemeji. Akinyamaza, ni haki yake.

Na kama baba bado ana kitu, hata mabati, aseme mbele yenu kiende kwa watoto wale, muandike, mtie sahihi. Najua hapo ndugu zako watanuna.

Yule wa dola 100 mpeni kiti, mpeni maji, kisha asindikizwe.