Niko Dodoma na Polaris siioni: nitaelekezaje stendi ya darubini kwenye ncha ya anga?

SWALI: Nimepata darubini yenye stendi ya ikweta (ile yenye mhimili unaozunguka kufuata nyota) na mota. Mwongozo unasema nielekeze mhimili kwenye Polaris, yaani Nyota ya Kaskazini. Huku Dodoma siioni, na kipimo cha latitudo kwenye stendi kinaishia digrii 15. Nataka kupiga picha. Nifanyeje?

JIBU: Polaris huku haichomozi kamwe. Mhimili wako unatakiwa kuelekea ncha ya anga ya kusini, yaani pale ambapo nyota za kusini huonekana kuzunguka, na kimo cha ncha hiyo juu ya upeo ni sawa na latitudo ya mahali ulipo: kwa Dodoma ni digrii 6.2. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata ikiwa juu angani. Kwenye kimo cha digrii 6 vumbi na unene wa hewa huimeza kabisa. Kwa hiyo kijidarubini cha ncha kilicho ndani ya stendi hakitakufaa. Kuna njia isiyohitaji kuiona ncha, na ndiyo nitakayoieleza, lakini kwanza stendi yenyewe ishuke.

Unapungukiwa digrii 9. Mpelekee fundi wa kuchomelea vipimo akutengenezee kabari ya bamba la chuma, ikae kati ya tripodi na kichwa cha stendi, upande mnene ukiwa kaskazini. Kwa msingi wa sentimita 20, upande huo uwe juu kwa sentimita 3.2. Unaweza pia kuinua miguu miwili ya kaskazini kwa matofali: kama kutoka mguu wa kusini hadi katikati ya ile miwili ni sentimita 90, inua sentimita 14. Mimi napendelea kabari, maana tripodi inabaki sawa kwa pima maji, na bolti za kushoto na kulia hazichanganyi kazi na zile za juu na chini.

Mhimili ukilala hivyo, uzito wote huegemea kusini. Mguu mmoja uelekee huko ubebe mzigo. Kisha, kabla ya kuwasha mota, zungusha mhimili kwa mkono taratibu: fimbo ya uzito wa kusawazisha hupita karibu sana na mguu huo. Ikigonga, sogeza uzito juu kwenye fimbo na uongeze mwingine, au weka bomba la kuinua kichwa.

Kimo usikisome kwenye kipimo cha stendi. Weka darubini sambamba na mhimili, kisha laza juu ya reli yake simu yenye programu ya kupima mwinamo. Isome 6.2.

Kusini kwenyewe utakupata kwa timazi. Dodoma iko longitudo 35.7 mashariki huku saa yetu ikifuata longitudo 45, hivyo adhuhuri ya jua huja wastani wa saa 6:37 mchana, ikicheza kati ya 6:21 na 6:51 kwa mwaka. Tafuta saa kamili ya siku hiyo kwenye programu ya anga, kisha chora kivuli cha uzi wa timazi. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba kivuli kinaelekea kusini, miezi mingine kaskazini. Karibu na tarehe 5 Machi na 9 Oktoba jua liko utosini na kivuli hakisaidii. Dira ya simu nisingeitegemea karibu na chuma chote hicho.

Usiku, hakikisha mota imewekwa nusu ya kusini. Ikiwa imeachwa kaskazini inazunguka kinyume, na nyota inakimbia nusu digrii kila dakika. Wengi hudhani gia zimeharibika.

Sasa ile njia isiyohitaji kuiona ncha: tumia lenzi ya jicho yenye msalaba, ukuzaji wa 150 hivi. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari ulio juu ya ikweta ya dunia), kama Mintaka kwenye ukanda wa Jabari, inapokatiza mstari wa kaskazini-kusini. Sukuma mdomo wa darubini kidogo kuelekea kusini: upande nyota inakokimbilia ndiyo kaskazini ya picha unayoiona. Fanya hivyo kila mara, kwa sababu kioo cha pembe, kile kinachopinda mwanga kuelekea lenzi ya jicho, hugeuza picha. Acha mota ifanye kazi dakika 5, usijali nyota ikisogea mashariki au magharibi. Ikitelezea kaskazini, mhimili umepita mashariki mno. Ikitelezea kusini, umepita magharibi.

Hapa kuna jambo la kwetu. Nyota hiyo iko karibu na utosi, kwa hiyo ukikaza bolti za kushoto na kulia haisogei sana kwenye lenzi. Picha inazunguka tu. Usikisie kwa jicho. Weka alama ya rangi kwenye bolti, hesabu robo za mzunguko, pima tena dakika 5. Mtelezo ukipungua nusu kwa robo moja, ongeza robo nyingine.

Halafu nyota ya mashariki, pia karibu na ikweta ya anga, ikiwa juu ya digrii 25, maana chini ya hapo hewa huipinda mno. Ikitelezea kusini, mhimili uko juu mno. Kaskazini, uko chini. Marekebisho ya kimo yamalizie kwa kupandisha, usimalizie kwa kushusha, ili uzito usiache mwanya kwenye nyuzi za bolti. Ukishakaza, pima upya: kukaza kwenyewe huhamisha mhimili. Kisha rudia ya utosini.

Kila dakika moja ya tao (sehemu ya 60 ya digrii) ya kosa la mhimili huleta mtelezo wa hadi sekunde 1.3 za tao (sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika hiyo) kwa dakika 5 za saa. Kwa lenzi ya kamera ya milimita 200 na picha za dakika 3, kosa la dakika 5 za tao linavumilika. Kwa kutazama tu, hata digrii nzima haitakusumbua.