Kotisoli iko chini, mgonjwa hana raha: nani mwongo?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilichukua damu ya wagonjwa wa saratani ya ini saa mbili asubuhi nikapima kotisoli, homoni ya msongo. Wengi wametoka chini kuliko ndugu zao wazima niliowalinganisha nao, ilhali wamekonda na usiku hawalali kwa wasiwasi. Mashine ina kasoro?

Jibu: Kabla hujaita fundi, jiulize umepima kotisoli ipi.

Homoni hii hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, ila ndani ya damu haitembei peke yake. Zaidi ya asilimia 90 hubebwa na protini mbili, transkotini na albumini, na zote mbili hutengenezwa na ini. Inayofanya kazi mwilini ni ile chache iliyo huru. Sasa, wenye saratani ya ini wengi huwa tayari wana sirosisi, mara nyingi baada ya kukaa na homa ya ini B miaka mingi. Ini lililojaa makovu halitoi wabebaji wa kutosha. Kipimo cha kawaida cha maabara huhesabu kotisoli yote kwa jumla, kwa hiyo wabebaji wakipungua jumla hushuka, hata kama iliyo huru haijapungua. Ni kama kuhesabu watu wa mjini kwa kuhesabu abiria wa daladala: siku madereva wakigoma, utasema mji umehama.

Waangalie na hao ndugu wazima. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni ana transkotini nyingi, na jumla yake hupanda bila msongo wowote. Mmoja kashushwa, mwingine kapandishwa, nawe unalinganisha!

Ningekuwa wewe ningepima mate, maana humo hupita kotisoli iliyo huru tu. Chukua asubuhi, kisha saa tano usiku, wakati ambapo kwa kawaida huwa imeshuka sana. Kagua fizi kwanza: wagonjwa hawa hutoka damu kirahisi, na damu kidogo tu huharibu sampuli. Albumini pima kwa kila mmoja.

Soma pia mafaili yao ya dawa. Deksamethasoni ya kuzuia kichefuchefu huzimisha tezi. Prednisoloni hudanganya kipimo, ikasomeka kana kwamba ni kotisoli. Adrenalini, homoni nyingine ya msongo, usiipime kama huwezi kumlaza mgonjwa nusu saa akiwa na kanula (mrija mdogo wa mshipani) mkononi, kwa sababu huo uchungu wa sindano wenyewe huipandisha.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Katika sirosisi kali tezi zenyewe huweza kushindwa kazi, na saratani ya ini huweza kusambaa hadi huko. Mwenye kotisoli ya chini sana, presha imeshuka na sukari au sodiamu iko chini, usimngojeshe mpaka umalize tasnifu. Jibu lake mpelekee daktari leo.